Picha za Kupamba Zimetoka Nje

Swabaha mjukuu wangu,

Ukisoma hii, babu yako keshateremka ngazi, yuko njiani kwenda Feri. Mkate wa mofa uko chini ya kawa. Kompyuta usiiwashe, nimeichomoa.

Uliniachia programu mbili za kupanga picha za nyumbani, ukaniambia, "Chagua wewe, Babu." Moja huziweka kwenye diski yetu, nyingine huzipeleka mtandaoni. Nikaishika ya mtandao kwa kuwa ni nyepesi. Ikaniuliza kama familia nayo izione. Nikabonyeza ndiyo. Mimi familia naijua ni sisi wa humu ndani. Kumbe kwake ni watu arubaini na mmoja, wakwe na mashemeji wote!

Na ikaanza na nini? Kupamba kwa arusi ya dadako Ummukulthum! Wanawake wako peke yao, mabuibui wamevua, nywele wazi, asumini mpaka kiunoni. Mara mkwe wetu Zakariya akapiga simu: "Mzee, nimefumba macho, wallahi, lakini hebu ziondoe!" Nimezunguka bandari nyingi, aibu kama hii sijapata kuiona. Na mwanamume wa kunisaidia sikuweza kumwita, akiziondoa si ataziona?

Chagua ile ya diski. ~~Nitarudi kesho.~~ Nitarudi dadako akiniita.

Bi Heena jirani amezifuta. Wanaume tisa walikuwa washaziona. Bibi yako amejifungia chumbani. Ummukulthum amelia, haneni nami. Mimi nitakuwa Likoni kwa dadangu.

Babu