Shamba Lisilochomwa

Kiegei, Nachingwea
12 Novemba 2025

Kaka yangu Lukumani,

Assalaam aleikum. Habari za Mtwara na joto lake? Mgongo wa wifi Samia umepoa? Watoto nao wanasomaje? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri na gulioni anakwenda kwa miguu yake. Mvua bado haijadondosha hata tone, na kila mtu anatazama juu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Kwenye simu nikisikia sauti yako ulimi unakuwa mzito. Ndiyo maana bahasha hii nampa dereva wa basi mkononi, akukabidhi wewe mwenyewe. Tafadhali isome yote kabla hujakasirika.

Unanijua nilivyo mdadisi. Utotoni nilikuwa nafukua karanga kila asubuhi nione kama zimeota, mpaka marehemu baba akaninyima mbegu. Basi mwaka jana tulipata bibi shamba mgeni, Justa, aliyehamishwa kutoka kwenye mashamba ya ngano huko Hanang. Alitusimulia mkutanoni kwamba wapo wakulima wa ngano wanaopumzisha shamba msimu mzima ili ardhi inywe mvua na kuitunza mpaka msimu unaofuata. Mabua hawayachomi, wanayalaza juu ya udongo yazuie jua. Majani yakichipua wanayakata mapema, maana nayo yanakunywa maji yale yale. Mkutano mzima ulicheka. Huku kwetu, kama unavyojua, shamba lisilochomwa ni la mvivu, tena ni maficho ya ndezi. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nikijiuliza maji yatakaaje ardhini miezi yote ile ya kiangazi, na swali hilo likaninyima raha.

Nikachagua kipande, nikayalaza mabua ya mtama, nikakiacha bila kupanda. Majirani walinisema mpaka wakachoka. Kila Ijumaa nilichukua kipande cha nondo kilichobaki tulipojenga choo, nikakisukuma ardhini kwa mikono, kwanza palipochomwa kando yake, halafu penye mabua. Mwezi wa sita palipochomwa ilizama kiasi cha kidole. Penye mabua ilikwenda mpaka karibu na goti langu! Mwezi wa tisa nilidhani itagoma, haikugoma. Jana nimechimba kwa jembe. Chini ya vumbi udongo ni mweusi na wa baridi, ukiufinya unabaki donge. Nilimwita Justa, akapiga magoti akaushika, akasema mbegu itakayopandwa hapo mvua za kwanza haitakufa hata mvua ikikatika wiki mbili tatu, kama inavyotufanyia kila Januari. Mama yeye anashuku kuna chemchemi.

Sasa nije kwa Mahamudu wa Nanganga, huyo unayetaka kumuuzia nusu yako ya shamba la baba Jumatatu. Juzi alikuja kuiangalia. Aliyapiga mabua teke, akaniomba nondo, akaisukuma, ikazama. Akaniuliza visiki vya ufuta viko wapi, maana wewe ulimweleza kwamba ufuta wako uliungulia hapo. Nikainama kuichomoa nondo. Akatabasamu, akasema hakuna haja ya kumsumbua kaka kwa mambo madogo, na kwamba ataomba mtie saini Jumamosi badala ya Jumatatu.

Kaka, kipande ninachokisimulia ndicho hiyo nusu yako. Ufuta wako haukuuawa na jua. Sikuupanda. Mbegu ulizotuma zimo ndani ya debe, nzima. Uliponipigia mwezi wa tatu nikakwambia umeungua, nilikudanganya. Nilijua ukiulizwa utakataa, na mimi nilitaka sana kuona. Utauliza kwa nini sikutumia nusu yangu. Kwa sababu mimi na Mama tunakula kutoka humo. Nilifanya jaribio langu kwa njaa yako, nikailinda yangu. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko uongo wenyewe. Halafu uliposema ardhi ya baba imechoka, afadhali uiuze, ilinipasa niseme hapo hapo. Nikanyamaza tena.

Shamba ni lako, ukitaka kuuza uza. Lakini usiliuze kwa sababu ya maneno yangu. Panda basi Ijumaa, uje uchimbe kwa mkono wako kabla hujatia saini. Kama utataka kunichapa, nichape, ila chimba kwanza.

Nisalimie Samia na watoto. Salamu za Mama ningekuandikia, ila leo asubuhi nimemweleza ukweli wote, na mpaka naandika mstari huu hajanisemesha.

Mdogo wako,
Rabia