Uliposema Hodi Nami Nikasema Ngoja

Baba Paulina,

Sianzi na salamu. Salamu nakupa kaburini kila Jumapili nikitoka kanisani na hujaitikia hata moja, kwa hiyo leo naandika. Wewe ndiye uliyenizoesha. Nilijifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa na mimba ya Paulina, kwa sababu ulikuwa kule chini Hanang kwenye mashamba ya ngano, na nilikuwa na maneno ambayo sikutaka mtu mwingine aniandikie. Barua yangu ya kwanza yote ilikuwa ya kukugombeza. Ulijibu kwamba mwandiko wangu unakwenda kama kuku aliyefunguliwa kamba. Bado unakwenda hivyo. Vumilia.

Ng'ombe mwekundu amezaa. Ndama jike, mkaidi, anakataa kamba. Paulina amehamishiwa Babati, ananipigia simu kila Jumamosi kuniuliza nimekula nini, kana kwamba mimi ndiye niliyezaliwa na yeye. Nguzo za umeme zimefika kwa jirani zikasimama hapo, na jirani sasa anatembea kifua mbele. Nguo zako tulizigawa kama inavyotakiwa. Kofia sikuitoa. Walipouliza nikasema imepotea. Kiti chako kipo palepale, na mgeni akikielekea namwonyesha benchi.

Watu wanasema nimekuwa mpole. Sijawa mpole hata kidogo. Nimekosa wa kumgombeza, basi.

Nataka nikuambie mambo yote kwa mpangilio, maana mwishoni hukuwa unayajua, na mtu asife bila kujua kilichompata.

Ulikuwa namba tano, beki wa kati. Hilo hata leo nalisema nikiwa nimesimama wima. Timu ya shamba ilikuwa na vijana wenye miguu, lakini mpira wa juu ulikuwa wako peke yako, ndiyo maana wakakuita Nyundo. Nilikuwa napanda lori tupu la ngano kushuka Mogitu kukuona, mtoto mgongoni, vumbi mpaka kwenye meno. Mvua ikinyesha ule mpira wa ngozi ulikuwa unanyonya maji mpaka unakuwa kama jiwe la kusagia. Wenzako wanauinamia upite. Wewe unauendea. Nami niko pembeni ya uwanja nikipiga kelele kuliko wanaume, "Kichwa, Baba Paulina, kichwa!" Unaupiga, unarudi ulikotoka, napiga vigelegele.

Jioni yake ulikuwa unakaa kitandani umefumba macho, hutaki taa. Nilikufunga kanga yenye maji kichwani, nikakuambia wewe ni mwanaume, kesho utaamka. Ukaamka. Kila mara uliamka, basi nikaona hakuna neno.

Halafu shirika la ngano likafa. Soko huria, walisema, na mashamba yanatafutiwa wamiliki wengine, mkapunguzwa kazini wengi kwa siku moja. Ulipanda Tlawi na baiskeli, mfuko wa nguo, na viatu vyako vya mpira vimefungwa kamba shingoni. Ulikuwa na huzuni. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Miaka yote hiyo nilikuwa na mume wa mwisho wa mwezi, sasa nikapata wa kila siku. Tulilima viazi. Tulipanda ile mikaratusi ya mpakani. Tulizozana kuhusu maharage mpaka majirani wakawa wanacheka. Hiyo ndiyo miaka ninayoitaka. Nikiamka asubuhi ndiyo ninayoitafuta kabla sijafungua macho vizuri.

Sasa sikia tulivyokosea.

Mkoa ulipogawanywa tukaambiwa sisi si Arusha tena, ni Manyara. Watu wengi hawakupenda. Kwenye mkutano wa kijiji mtendaji alikuuliza mkoa wako, ukasema Arusha. Akakurekebisha. Ukasema Arusha. Watu wakapiga makofi. Wakasema huyu ni mzee mwenye msimamo. Nami nilikaa pale nimejaa fahari kama debe la mahindi, mume wangu anamshinda mtendaji kwa maneno. Kila mkutano wakawa wanakuuliza makusudi ili wacheke, nawe unajibu Arusha, na kijiji kizima kinapiga makofi.

Hukuwa na msimamo, Baba Paulina. Ulikuwa umeshasahau kwamba tuliambiwa. Kila mara ulikuwa unalisikia upya. Tulikupigia makofi ukiwa unapotea, na mimi mkeo nilipiga makubwa kuliko wote.

Tulipogundua ni siku Paulina alipokuja likizo. Akakupa shikamoo. Ukavua kofia, ukainama kidogo, ukamwambia, "Shikamoo, mama." Mwanao. Nilidhani unafanya utani mbaya, nikakufokea mbele yake. Paulina akatoka nje akasimama kwa ng'ombe muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema moshi. Hakukuwa na moto.

Wakaja wazee wa ukoo kuuliza ni laana ya nani. Mimi nikasema hakuna laana, ni uvivu wa kufikiri, na nikazidi kukugombeza. Umeweka wapi jembe. Mbona umevaa shati juu ya koti. Nimekwambia mara tatu. Ulikuwa unaniangalia kama mtoto aliyefinywa bila kosa. Hayo macho ninayo. Siyafuti.

Daktari ndiye aliyeuliza ulifanya kazi gani. Nikasema ngano. Akauliza kama uliwahi kuumia kichwa. Nikasema kwa majivuno, huyu alikuwa namba tano, mipira yote ya juu ilikuwa yake. Akaacha kuandika. Akasema wachezaji wa zamani wengine hupatwa na ugonjwa huu wa kusahau, huenda ni kwa kupiga kichwa miaka mingi, huenda ni uzee tu, yeye hawezi kuapa. Nilikuwa nimeketi pale nikizisikia kelele zangu za Mogitu. Kichwa, Baba Paulina, kichwa.

Basi nilipunguza ukali. Si sana. Unanijua.

Kilichonishinda ni kile cha kutaka kwenda nyumbani. Kila siku jua likishaanza kuteremka unavaa kofia, unasimama mlangoni: "Mama, asante kwa chakula. Sasa niende Tlawi, mke wangu ananingoja." Umesimama Tlawi! Ndani ya nyumba uliyojenga mwenyewe! Nikakuonyesha kanisa, nikakuonyesha mikaratusi. Nikakuambia mke wako ni mimi. Ukacheka kwa adabu, ukasema, "Hapana, mama. Wangu bado ni kijana, na ana kelele sana." Nilimwonea wivu msichana aliyekuwa mimi.

Siku moja hasira zilinipanda. Nikasema haya, twende hiyo Tlawi yako. Nikakushika mkono tukatoka, nikitaka uchoke uache. Tukapita kanisani, tukashuka hadi kisimani, tukarudi kwa njia ya chini. Tulipofika mbele ya mlango wetu ukasimama. Ukavua kofia. Ukasema, "Hodi."

Kimya, maana mwenye nyumba nilikuwa nimesimama nawe nje. Ukasema tena, "Hodi." Uso ukaanza kukuharibika. Ukaniambia, "Labda amechoka kuningoja, ameondoka." Hapo nikakuachia, nikazunguka nyumba mbio na magoti yangu haya, nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikaruka kuku, nikaita kutoka ndani, "Karibu!"

Ukaingia. Ukaniona. Ukasema, "Mama Paulina, nimechelewa. Lori lilikwama."

Baba Paulina, sijui nitaandikaje hapa.

Ulikaa kwenye kiti chako ukanywa chai, ukaniuliza kama mbolea imetosha. Nikakugombeza kwa kuchelewa, ukafurahi. Kikombe kilipoisha ukanitazama tena ukaniita mama. Lakini kikombe kizima ulikuwa wangu.

Tangu siku hiyo tulikwenda kila siku. Kanisa, kisima, njia ya chini. Ukifika mlangoni nakuachia, nazunguka, naruka kuku, naita karibu. Majirani walisema sasa wamechanganyikiwa wote wawili. Waseme. Siku nyingine hukunijua hata hivyo, ulisema samahani umekosea nyumba. Siku nyingine ulinijua. Kwa ajili ya hizo nilikimbia hata siku za matope.

Ukashikwa na kifua, ukashindwa kutembea. Nikawa nalala kwenye mkeka karibu nawe. Asubuhi ile nilikuwa natia unga kwenye chungu, uji unataka kushika chini. Ukasema kutoka kitandani, taratibu, "Hodi."

Nilikusikia. Nisiseme sikukusikia.

Nikasema, "Ngoja."

Nikakoroga, nikaepua, nikafuta mikono. Nilipokuja, ulikuwa hungoji tena.

Hili sijamwambia Paulina wala padri. Miaka yote hiyo nilikimbia kuzunguka nyumba, na siku ambayo nilikuwa hatua tano tu, nikasema ngoja kwa sababu ya uji. Uji wenyewe niliumwaga. Usiku siulizi kama nilikuwa mke mzuri, hilo nalijua, nilikuwa mzuri. Nauliza kama ulidhani nimeondoka.

Kwenye matanga alikuja mama mmoja kutoka Mogitu, Mbarbaig, shanga shingoni, fimbo mkononi. Mke wa yule mliyemwita Mrefu, namba nne wako. Alikaa nami nje akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wako naye alikuwa anataka kwenda nyumbani akiwa nyumbani?" Nikamshika mkono. Mrefu naye sasa yuko hivyohivyo. Wanawe wamefikia kumfungia mlango asipotee, na yeye anaupiga mlango siku nzima. Nilimweleza habari za hodi. Alisikiliza, akasema hawezi, watu watacheka. Nikanyamaza kwa sababu ya msiba. Sikupaswa kunyamaza.

Kwa hiyo hii ndiyo ahadi yangu. Viazi vikishatoka, napanda basi nashuka Mogitu. Sitakwenda kuutazama uwanja, nasikia siku hizi wamepanda alizeti. Nakwenda kwa Mrefu. Mlango ule utafunguliwa, nitamzungusha mwenyewe hadi mama yule aone kwa macho, na atakimbia, apende asipende. Asijaribu kusema ngoja mbele yangu.

Na sasa nimemaliza kazi zote. Hakuna kilicho motoni. Mikono mikavu. Mlango wa mbele uko wazi na nimekaa ndani, si jikoni.

Karibu, Baba Paulina. Karibu ndani.

Siku yangu ikifika nitakuja mimi kwa miguu, nitasimama mlangoni kwako niseme hodi. Usiniulize mimi ni mama wa wapi. Na kama unataka kulipiza, sema ngoja.

Nitangoja.

Mama Paulina
Tlawi