Njoo Uzime Moto wa Baba

Kolandoto,
Shinyanga.
14 Septemba, 1951.

Mpendwa mdogo wangu Jilala,

Shikamoo yako nimeipokea, hata kama hujaituma. Marahaba. Hali yako je? Kile kifua kilichokuwa kinakohoa vumbi la mawe kimetulia? Unakula vizuri? Unalala mahali pakavu? Nauliza yote kwa mkupuo mmoja kwa sababu sijui nitapata lini tena mtu wa kuja huko machimboni. Sisi hapa tu wazima, Mungu ametuhifadhi. Shemeji yako Maduhu anaendelea na useremala wake. Nyamizi ameanza kung'oka meno ya utotoni na kuwajibu watu wazima pasipo woga, na kila anayemsikia anasema huyu kamfuata mjomba wake.

Barua hii anakuletea Marcel, yule muuza samaki wakavu anayekwenda Geita na kurudi. Nimemwomba aitie mkononi mwako wewe mwenyewe, asimwachie mtu mwingine yeyote. Sababu yake utaiona huko mbele.

Nakuandikia habari za Mama. Ulipoondoka macho yake yalikuwa yanawasha tu. Sasa jicho la kushoto limefunikwa na utando mweupe, na la kulia ni jekundu kama nyama mbichi, linatoka machozi na usaha mchana kutwa. Baada ya mavuno nilikwenda nyumbani kumchukua nimlete hapa hospitali ya misheni. Tulimpakia kwenye baiskeli ya Maduhu, na niliyeisukuma ni mimi, maana wajua mkwe hamkaribii mkwewe. Maduhu alitembea nyuma yetu kwa mbali sana, anatazama miti, kama mpita njia asiyetujua. Mama naye alijifunika khanga usoni njia nzima asije akamwona, wakati hata mimi niliyekuwa mbele yake alikuwa hanioni vizuri. Nilicheka mpaka nikasimamisha baiskeli.

Dresa wa macho hapa ni Theonest, Mhaya mmoja mpole. Alimsafisha na kumpaka dawa kila asubuhi kwa muda wote aliolazwa hapa. Jicho la kushoto ndiyo basi tena. La kulia linaweza kupona. Lakini Theonest aliniita pembeni akaniambia, “Mama Nyamizi, dawa nitaendelea kumpa. Ila akirudi kwenu na moshi ukimwingia tena kila jioni, dawa haitafua dafu. Mtafutie mahali pa kukaa pasipo moshi, na mtu wa kumwangalia.”

Basi nikaanza kutafuta. Hospitali si mahali pa kumwacha mzee akae siku zote, vitanda vinangojewa na wagonjwa. Kuna Esta, mjane anayekaa karibu na kanisa, ambaye huwapokea akina mama wazee wasio na watu. Alikubali mara moja. Mama akakasirika, akasema yeye ana watu, na hajafikia kulala kwa wageni. Kwangu ndani hawezi kulala chini ya paa moja na mkwewe, na hilo sikumlaumu.

Hapo Maduhu alinishangaza. Bila kuombwa, akaanza kujenga nyumba ndogo nyuma ya ghala letu. Mlango ameugeuzia mashariki, ili Mama akitoka wasionane uso kwa uso. Jiko ameliweka nje, kwenye kibanda kisicho na kuta, moshi uende zake. Kitanda amekichonga chini chini ili mzee asihangaike kupanda. Nilipompeleka Mama kuiona, alipapasa kuta zote, akakaa kitandani, akaniambia nimshukuru mkwe, ni nyumba nzuri. Kisha akaomba fimbo yake. Alitaka afike kijijini kwetu kabla ya jua kuzama, akawashe moto.

Moto wenyewe ni ule wa shikome, Jilala. Pale mbele ya zizi, alipokuwa anakaa Baba na wanaume wenzake jioni, wakila na kuongea. Ng'ombe wote walikwisha katika ule ukame, unajua. Zizi ni tupu, limebaki kaburi la Baba tu mle ndani, mahali alipostahili kulala mwenye kaya. Lakini kila jioni Mama anauwasha moto ule, anakaa kando yake na kuupuliza, na moshi wote wa samadi unamwingia machoni. Hajauacha hata siku moja, isipokuwa zile alizokuwa hapa kwa matibabu, na siku hizo zote alikuwa analia.

Sasa fikiri. Zizi letu halina ng'ombe. Samadi anaipata wapi? Mama anabeba kikapu, anafuata nyayo za ng'ombe wa watu na kuokota mavi yao. Bikizee mwenye macho mekundu, asiyeona vizuri, anainama nyuma ya ng'ombe wa jirani kila alasiri, halafu jioni anakaa peke yake kwenye moto wa wanaume na kuzungumza. Unajua kwetu watu wanalisomaje jambo hilo. Ndama wa jirani yetu Mbuke alipokufa, maneno ya uchawi yalitoka kwa Mbuke yakaja moja kwa moja mlangoni petu.

Mwaka huu vijana wa kulima kwa zamu hawakufika shambani kwake. Walilima la huku na la kule, wakaliruka la Mama. Mbuke, aliyeishi na Mama kama ndugu tangu sisi tunatambaa, siku hizi akisalimiwa anageuka. Mama alikwenda kwake kuomba kaa la moto akanyimwa. Kunyimwa salamu na kunyimwa moto, mdogo wangu, si ugomvi wa wanawake. Kwetu mtu akifanyiwa hivyo ameshaambiwa ahame.

Nilikwenda kwa mwanangwa, mkubwa wa kijiji chetu. Alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, akasema atazungumza na watu. Lakini aliponisindikiza alisimama njiani akaniambia, “Mama Nyamizi, mtoe mama yako hapa kabla ya mvua. Zikija kwa wakati wake, heri. Zikichelewa, watatafuta mtu wa kumlaumu, na mimi peke yangu sitawazuia.” Tangu siku hiyo, nikiamka kitu cha kwanza ninachotazama ni mbingu.

Nikamrudia Mama. Nilimbembeleza, nikanuna, nikamgombeza hata, Mungu anisamehe. Mwisho nikamuuliza huo moto ni wa nini. Akanijibu kana kwamba mimi ndiye mzee niliyesahau mambo, “Mwenye kaya aliniachia kauli.” Nikadhani anasema Baba. Kumbe anasema wewe.

Nami nikaikumbuka ile asubuhi uliyoondoka. Ulisimama pale shikome, sanduku kichwani, ukasema, “Mama, moto huu usizimike mpaka nirudi, watu wasije wakaona hapa ni mahame.” Mimi nilikuwepo. Nilicheka, maana ulijaribu kuifanya sauti yako nzito kama ya Baba. Ulikuwa unasema juu ya msimu mmoja tu, urudi wakati wa mavuno. Lakini Baba alikwisha kufa, na kwa Mama maneno yale yalitoka kinywani mwa mwenye kaya. Mwanamke hawashi shikome, naye anajua hivyo kuliko sisi sote. Anauwasha kwa sababu ameamriwa. Nikisema sikulaumu nitakuwa ninasema uongo.

Nikamwambia, basi Mama, mimi mtoto wako mkubwa nakufungua, uache. Alicheka. Mimi ni binti, nilishaolewa, ng'ombe wa mahari yangu walishaliwa. Maduhu ni mkwe, hana neno katika zizi lile. Akasema siku Jilala atakapokuja atachukua kaa moja kwenye kigae, ataubeba moto mwenyewe mpaka kwenye nyumba hiyo mpya, na yeye atafuata nyuma na kikapu chake bila kinyongo.

Kuna jambo jingine. Nimeliacha nyuma kwa sababu mkono wangu hautaki kuliandika.

Juma lililopita nilikwenda kumpelekea dawa. Jua lilikuwa linashuka. Mama aliweka ugali mahali pawili pale kwenye moto, akarudi kukaa pembeni. Nilikuwa ninafunga kikapu changu niondoke, nikasikia kikohozi. Kile kifupi cha Baba, alichokuwa anakohoa akifika uani ili wanawake wajitengeneze. Mimi nimebatizwa, Jilala, ninaimba kanisani kila Jumapili, na nimewafundisha watoto wa watu kwamba wafu wamelala. Lakini nilikisikia. Niliogopa, sitajifanya shujaa mbele yako.

Nikamshika Mama mkono nikamwambia twende ndani. Hata hakushtuka.

“Ni baba yako,” akasema. “Wa kukohoa ni yeye. Yule mwingine hakohoi.”

“Mwingine yupi, mayu?”

“Jilala. Anakuja tangu mvua zilipokoma. Anakaa pale kwenye gogo lake. Hasemi, hali. Nadhani kazi ya huko inamchosha.”

Alisema hivyo kwa furaha. Tangu Baba afariki sijamwona Mama na uso ule.

Nilitazama kwenye gogo lako. Hapakuwa na mtu, nakuapia. Ila yule mbwa wako mzee alikuwa amelala ubavuni mwa gogo hilo, amenyoosha shingo na kufumba macho, vile mbwa anavyofanya anapokunwa na mtu anayemjua.

Niliokota kikapu changu. Nilirudi Kolandoto nakwenda mbio, nikamkuta Marcel amefika na samaki. Nikamuuliza habari zako. Akaniambia hajakuona tangu mvua zilipokoma. Wengine walimwambia umehamia shimo jingine na wenzako, wengine walimwambia uliugua. Marcel ni mtu wa kweli, na aliponiambia aliangalia chini. Maduhu anasema machimbo ni makubwa, mtu anaweza kupotea machoni akawa mzima kabisa. Nami najiambia hivyo nikipika, nikifua, nikisali.

Basi naandika barua hii, na sijui kama ninamwandikia mtu. Kama una mikono ya kuishika, acha hiyo sururu, uje. Usingoje nguo mpya wala zawadi. Maduhu ameshapatengeneza mahali pa moto kwenye ua wetu, upande ambao upepo unauchukua moshi mbali na mlango wa Mama. Theonest ameweka dawa. Esta ameahidi kushinda naye nikiwa shambani. Kila kitu kipo tayari, isipokuwa wewe. Kama unaumwa huwezi kutembea, mwambie Marcel kwa kinywa chako kwamba moto uzimwe, na umpe neno moja la utotoni ambalo Mama ataamini kuwa ni lako. Tutakuja kukuchukua na wewe, hiyo baiskeli bado ina nguvu.

Maduhu anakusalimu sana, na Nyamizi anasema umletee jiwe linalong'aa. Esta anakuombea ingawa hajakuona. Mama sijamwambia kwamba nakuandikia, maana atauliza kwa nini nasumbuka kumwandikia mtu anayekuja kila jioni. Nisalimie Donatus na wale mnaolala nao nyumba moja, kama bado mnalala pamoja. Mungu wa Baba na Mama akufunike, akutoe kwenye mashimo hayo, auongoze mguu wako kwenye njia ya nyumbani.

Ni mimi dada yako nikupendaye, niliyekubeba mgongoni,

Zipora.

Nimesahau jambo moja. Ukija usije jioni. Njoo mchana, jua likiwa kichwani, nikione kivuli chako. Piga kelele tangu kule bondeni, gombana na mbwa, omba maji, tukana hata. Ukija jioni ukakaa kimya kwenye gogo lile, Mama atakukaribisha, lakini mimi sitajua ni yupi aliyefika.