Joystick ya Mkono Mmoja

Gatongora, Jumapili

Kaka Irshad,

Habari za huko? Sisi tuko poa, mvua imeanza. Nina swali la kompyuta. Baba anataka kurudia ile gemu ya ndege mliyocheza zamani, kwa hivyo jana tulienda Thika kwa Gurjeet, anayeuza vifaa vya gemu. Akampa pad ya kisasa, yenye vitufe pande zote mbili. Baba aliigeuzageuza, akasema, "Hii inataka mikono miwili."

Ndiyo, Irshad. Mkono wake wa kushoto haushiki kitu tangu Agosti, alipopatwa na kiharusi. Alitukataza kukuambia kabla hujamaliza mitihani.

Gurjeet akaleta joystick, fimbo ya kuongozea ndege kwa mkono mmoja, inayosimama mezani yenyewe. Baba alirusha ndege, akagonga mlima, akacheka mpaka wateja wakaja kutazama. Tuliinunua. Dukani ilifanya vizuri na gemu mpya, lakini hapa nyumbani, kwa ile ya zamani, ndege inazunguka tu. Kwa nini? Wewe ulikuwa unairekebisha vipi?

Usinijibu mimi. Mpigie Baba umwelekeze. Anza na ndege; ya mkono atakueleza mwenyewe.

Dada yako,
Ruqayya