Ile nyama ya nyati sikuila

Ndara, Jumapili

Dada yangu Wakesho,

Hapo Mata mmeamkaje? Goti la mama linakunjika sasa? Mahindi yamepata maji? Mimi niko. Nakula, nalala, sisikii kitu.

Unajua huku ranchi nimepewa kazi ya kuripoti wanyama wanaokufa, wa porini na wa zizini, ugonjwa usije ukavuka kwa watu. Walitaka mtu wa macho. Nikipanda juu ya tangi la maji naona tai wa mlima Kasigau mpaka kucha. Daktari wa mifugo mwenyewe alisema hajaona mtu kama mimi, na shule niliachia darasa la sita. Sheria ni moja: mzoga usiguswe, piga simu, ngoja.

Jumanne ya wiki iliyopita nikakuta nyati amekufa, damu nyeusi puani, haijaganda. Nikapiga simu, nikaambiwa nilinde, gari linakuja. Wachungaji wenzangu wakafika kwanza, na visu. Mbele Mwashigadi, yule niliyekuja naye nyumbani Krismasi, siku niliyowasimulia ile hadithi ya nyati. Nikawaambia hii ni kimeta, inaua mtu. Akacheka.

"Mwadime, si ni wewe ulikula nyati wa kimeta, mguu mzima, ukaongeza supu? Leo umekuwa mchoyo?"

Wakesho, watu sita walikuwa wananiangalia. Ilikuwa niseme neno moja tu. Nikawasha sigara.

Akachuna, wakala. Alhamisi akatoka kidonda cheusi mkononi, akasema hakiumi. Halafu tumbo. Wenzake walipewa dawa Voi wakapona. Yeye tumemzika jana. Nilishika koleo, nikarudi, nikala ugali nikamaliza. Hata chozi.

Sasa mama ananiambia ng'ombe wawili wa jirani wameanguka ghafla, na mume wako anasema wetu wakifa tutakata tu, mbona Mwadime alikula. Nilimpigia kumkataza, akacheka, akasema hizo ndizo hadithi zangu. Ndiyo maana nimeandika. Kwa simu nitaanza kupamba.

Ile nyama sikuila. Yule nyati wa hadithi ya Krismasi nilimwona kwa mbali tu, akachomwa, akafukiwa. Siku hiyo nilikuwa naumwa na jino.

Nisalimie mama, na yule mzee wa kanisa aliyecheka siku ile mpaka akatoa miwani. Shemeji msomee hii kwa sauti, watu wakiwepo. Watoto wakiuliza mjomba wao alikula nini, waambie uji.

Ndugu yako,
Mwadime