Supu ya Mwamba Uliofungwa

Kunduchi,
Dar es Salaam

Kaka yangu Suhaib,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema huko Mtwara, wewe, wifi na watoto. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila moyo wangu ndio mgonjwa. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu nitalia, na mama akisikia atanipokonya.

Nimetoka arobaini salama. Siku ileile mwamba wetu wa pweza ulifunguliwa. Unakumbuka kikundi chetu cha kulinda ufukwe kilivyokubaliana kuufunga miezi mitatu ili pweza wakue, na mimi katibu ndiye niliyepigania kanuni kwamba atakayevua humo kabla ya siku asikanyage mwamba mwaka mzima. Bwana samaki alinisifu, akasema uchumi wa buluu unataka watu wenye msimamo kama wangu. Nikavimba kichwa, usinicheke.

Basi nikambeba mtoto, nikaenda kuona. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali, wanunuzi wana mizani zao, wageni wa wilayani wana hotuba zao ndefu. Wanawake walitoka na pweza wakubwa ambao hatujawaona tangu utotoni. Nikamtafuta mama, yeye aliyetufundisha kulijua tundu la pweza kwa maganda ya kaa yaliyo mlangoni. Hayupo. Nikamuuliza Mzee Salumu, mwenyekiti wetu, akatazama chini. Mwishowe akasema mama alikamatwa na walinzi akiwa na pweza mmoja, mwamba ukiwa bado umefungwa; pweza alikwisha kufa, wakamwachia aende naye. Alipoulizwa kikaoni kulikoni, alijibu kwamba alikuwa na hamu tu. Wakamfungia mwaka, kwa kanuni yangu, na watu wakakatazwa kuniambia kwa kuwa mzazi aliye kwenye arobaini hapewi habari mbaya.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikamkuta mama anapepeta mchele, nikamsema, kaka, Mungu anisamehe. Nilimwambia ameniaibisha mbele ya wenzangu. Yeye akaendelea kupepeta. Jirani yetu Mwajabu ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alinivuta jikoni akaniuliza kama nimesahau ile wiki maziwa yalipokataa kutoka, mtoto analia mpaka sauti inakauka, na ni supu ya nini iliyoyaleta.

Niliinywa supu ile mpaka nikalamba bakuli. Nilidhani pweza kanunuliwa sokoni Feri. Kumbe mama alikwenda mwambani kwa ajili yangu, na kikaoni akaficha jina langu ili nisivuliwe ukatibu.

Jumamosi nitasimama kikaoni niseme aliyekula pweza yule ni mimi, wanifungie mimi. Mama hataki. Anasema kanuni ni nzuri, iachwe ilivyo, ila mtoto hanyonyi kanuni. Lakini jana maji yalipokupwa nilimwona ameshika fimbo yake ya kuchokolea pweza, amesimama mchangani, anawatazama wenzake. Mwamba hakuukanyaga. Kaka, naona haya hata kumtazama usoni.

Ukimpigia, tafadhali usimgombeze. Wifi na watoto wape salamu zangu nyingi. Mpwa wako hajambo, amenenepa, ananyonya vizuri mno.

Ni mimi mdogo wako,
Najma