Shemeji Ametua Kabla ya Saa

Shoga, acha unachofanya usome hapa.

Shemeji, mume wa dada, si tumemsindikiza uwanja wa ndege leo asubuhi, eti anakwenda kazini ughaibuni? Mama kalia mpaka mtandio ukamdondoka.

Mchana kapiga simu. Eti AMETUA! Safari ya kilomita elfu kumi na mbili, na njiani unabadilisha ndege, ni saa kumi na nane nzima. Yeye katumia saa nne. Kapanda ndege au kombora?

Nikamuuliza, "Shemeji, mbona haraka hivyo?"

"Upepo ulitusukuma."

Upepo, shoga! Limtu lizima lenye ndevu!

Nikamuuliza huko sasa hivi ni usiku au mchana. Mara nyuma yake sauti ya mwanamke, Kiswahili kimenyooka: "Baba watoto, chakula kinapoa."

Baba watoto!

Na simu iko kwenye spika. Dada alikuwa kitandani anamkunjia mashati aliyoyaacha. Akaichukua ile simu, wala hakupaza sauti: "Maadamu umefika salama, ishi huko huko."

Akakata. Sasa hivi fundi yuko mlangoni anabadilisha kitasa.